Samuel Sitta: Spika Aliyetoka Urambo

Reli ya Kigoma ikishaiacha Tabora hupita Usoke, ikafika Urambo, kisha ikaingia Kaliua na misitu yake ya miombo. Njia hiyo ina umri mkubwa kuliko reli yenyewe. Kabla Wajerumani hawajafikisha mataruma Tabora mwaka 1912, na Kigoma miaka miwili baadaye, misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa ikipumzika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na kugawanyika hapo. Mingine ilielekea Karagwe na Buganda, mingine Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, waliobeba pembe za ndovu kushuka pwani na vitambaa, shanga na nyaya za shaba kupanda bara. Kila mtemi mwenye nguvu alitaka chake kabla ya mzigo kupita.

Aliyewatoa jasho wafanyabiashara kuliko watemi wote ni Mirambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakamwendea kwa silaha, wakapigwa, naye akaja kuchoma sehemu ya mji wao. Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta David Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, akaonja kichapo, akalazimika kuzungukia kusini ili afike Ujiji. Mirambo alifariki Desemba 1884 na dola yake haikudumu. Jina lake ndilo lililobaki, katika wilaya ya Urambo.

Humo ndimo alimozaliwa Samuel John Sitta, tarehe 18 Desemba 1942, mtu ambaye baadaye angeliongoza Bunge la Tanzania kwa miaka mitano ambayo wengi wetu tuliokuwa tukifuatilia siasa hatujaisahau. Kutafuta tabia ya mwanasiasa katika historia ya kabila lake ni kazi ya wavivu, nami sitaifanya. Sitta hakuwa Mirambo. Lakini suala lililowapiganisha watu wa njia ile, la nani anaruhusu kipi kipite na nani anakizuia, ndilo hasa analokalia Spika kila siku kitini pake: hoja ipi iingie, nani asimame kuzungumza, kamati ipi iundwe, taarifa ipi isomwe mbele ya nchi nzima.

Alikuwa mtoto mdogo Waingereza walipoichagua Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kwa ule mradi wao mkubwa wa karanga wa mwaka 1947. Mradi uliporomoka katika muda wa miaka michache. Nyuma yake yalibaki mashamba yaliyofyekwa, na tumbaku ikachukua nafasi ya karanga hadi ikawa ndiyo zao la biashara la Urambo. Mbunge yeyote wa huko, hata awe Spika, akirudi jimboni huulizwa bei ya tumbaku, pembejeo na malipo ya wakulima kabla hajaulizwa kingine chochote.

Sekondari alisoma Tabora, katika shule ya wavulana iliyoanzishwa na Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu na baadaye ikawafungulia milango wengine. Julius Nyerere alipita hapo kuanzia mwaka 1937. Abdallah Said Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe na mmoja wa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru, naye ni zao la shule hiyo. Mjini Tabora ndiko TANU ilikofanyia mkutano wake wa Januari 1958, uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka mpigakura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa mkupuo mmoja. Uamuzi huo uliitwa wa busara. Zuberi Mtemvu aliuona ni usaliti, akaondoka na kuanzisha chama chake cha ANC.

Fundikira anastahili kusimuliwa kidogo hapa, maana bila yeye na Joseph Kasella Bantu mtu haelewi vizuri Sitta alikuwa anacheza mchezo gani. Fundikira aliacha uwaziri mwaka 1963, mwaka uleule serikali ilipofuta utemi kwa sheria, na nchi ikiwa tayari imetangaziwa kwamba inaelekea chama kimoja. Hakukubaliana na mwelekeo huo. Alikaa nje ya siasa za ushindani karibu miaka thelathini, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 akaibuka kama mmoja wa viongozi wa chama cha UMD. Baadaye alirudi CCM. Alifariki Agosti 2007. Kasella Bantu, mwalimu, mmoja wa watu waliokuwepo TANU ilipozaliwa mwaka 1954 na mbunge kutoka Nzega, yalimkuta makubwa zaidi. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU ilimfukuza uanachama yeye na wenzake kadhaa, akiwemo Oscar Kambona. Kwa kuwa mbunge alilazimika kuwa mwanachama wa chama, mtu akivuliwa uanachama kiti chake nacho kinakwenda. Wananchi wa jimbo hawakuulizwa neno.

Kanuni hiyo ilivuka kutoka chama kimoja hadi vyama vingi bila kuguswa. Katiba yetu inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, ubunge wake unakoma. Mgombea binafsi haruhusiwi. Marehemu Christopher Mtikila aliipeleka hoja hiyo mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, ikampa haki Juni 2013. Mpaka sasa sheria haijabadilika. Kwa hiyo katika siasa za Tanzania kadi ya chama ndiyo roho ya mbunge, na anayeishika kadi hiyo ni kikao, wala si mpigakura.

Sitta alijifunza mapema kwamba kuna gharama ya kusimama mbele ya wakubwa. Alikuwa mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu Oktoba 1966 kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao karibu 400. Sitta alikuwa mmoja wao. Aliyeingia chuoni mwaka 1964 alikuja kumaliza shahada yake mwaka 1971.

Mwaka 1975, akiwa hajatimiza miaka 33, alichaguliwa mbunge wa Urambo. Ulikuwa uchaguzi wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU wakishindana kwa alama ya jembe na ya nyumba. Watu hupenda kuudharau uchaguzi wa zama hizo, lakini mawaziri waliangushwa na jembe na nyumba mara nyingi kuliko wanavyoangushwa leo. Alidumu bungeni miaka 20, akapitia unaibu waziri, uwaziri na ukuu wa mkoa, akawa pia Waziri wa Sheria na Katiba katika Serikali ya Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1995 alitoka bungeni. Kuanzia 1996 hadi 2005 aliongoza taasisi ya kuvutia wawekezaji, iliyofanywa kuwa Kituo cha Uwekezaji, TIC, kwa sheria ya mwaka 1997. Ni kipindi kisichosimuliwa sana, na kwa kweli hakina masimulizi mengi, ila nadhani kilimwachia jambo moja: alizoea kuzungumzia mikataba. Mtu aliyekaa miaka tisa mezani na wawekezaji haogopeshwi na makaratasi ya kampuni.

Mwaka 2005 alirudi bungeni kupitia Urambo Mashariki na Desemba akawania uspika. Kiti kilikuwa cha Pius Msekwa, mtu aliyezijua kanuni za Bunge kuliko yeyote nchini, maana aliwahi kuwa Katibu wa Bunge miaka ya 1960. Wabunge wa CCM walimwacha Msekwa wakamchukua Sitta. Kauli mbiu yake ilikuwa kasi na viwango. Wapo walioicheka. Vijana wa magazetini walimwita Mzee Six, naye hakuonekana kukerwa.

Nikiulizwa alichofanya Sitta kwa Bunge, sitaanza na sakata la umeme la Richmond kama wengi wanavyofanya. Nitaanza na Kanuni za Bunge za mwaka 2007. Kazi ya kanuni haina shangwe, wala haimpi mtu picha ukurasa wa mbele, lakini toleo lile lilibadili mambo. Waziri Mkuu akatakiwa kusimama kila Alhamisi, Bunge likiwa linakutana, na kujibu maswali ya papo kwa papo ambayo hakuwa ameandikiwa majibu yake na watumishi. Kamati zinazokagua hesabu za Serikali zikakabidhiwa wapinzani: John Cheyo wa UDP akaongoza ya hesabu za Serikali Kuu, Dk. Wilbrod Slaa wa Chadema ya serikali za mitaa, na Zitto Kabwe, kijana wa Kigoma kule mwisho wa njia ya msafara, ikawa yake ile ya mashirika ya umma. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Utawala wa Bunge, iliyolipa Bunge nafasi ya kusimamia mambo yake lenyewe bila kupiga magoti wizarani. Mijadala ilirushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa. Dereva wa bodaboda, muuza duka na mwalimu wa shule ya msingi waliwajua wabunge kwa sauti zao.

Hata hivyo kipindi hicho si cha malaika. Agosti 2007, Zitto alipoleta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri Nazir Karamagi, Bunge la Sitta lilimsimamisha Zitto, tena kwa miezi, hadi Januari 2008. Kosa lililotajwa lilikuwa kusema uongo bungeni. Nchi ilichemka. Kijana aliyefukuzwa ukumbini alizunguka mikoani akipokewa kwa mabango, na kabla mwaka haujaisha Rais Jakaya Kikwete alimteua katika kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Ninavyoona mimi, fedheha ile ilimfunza Spika. Suala la umeme wa dharura lilipomfikia miezi michache baadaye, hakulizima.

Chanzo chake ni ukame. Mwaka 2006 mabwawa ya kuzalisha umeme yalikauka, mgawo ukaikaba nchi, viwanda vikasimama. Serikali ikatafuta mitambo ya kukodi ya megawati 100, zabuni ikaangukia kampuni iliyoitwa Richmond, yenye anwani Houston, Marekani. Mitambo ikachelewa. Mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Maswali yakaanza: Richmond ni nani hasa, ina uwezo gani, ilichaguliwaje? Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Wengine walikuwa Stella Manyanya, Herbert Mntangi, Habib Mnyaa na Lucas Selelii. Selelii alikuwa mbunge wa Nzega, mkoa mmoja na Urambo.

Tarehe 6 Februari 2008 Mwakyembe alisoma taarifa. Waliokuwa Dodoma siku hiyo, na waliokuwa mbele ya televisheni vibarazani na kwenye vilabu vya pombe nchi nzima, wanakumbuka kimya cha ukumbi ule. Kamati ilisema kampuni haikuwa na uwezo, na kwamba mkono wa Ofisi ya Waziri Mkuu ulionekana katika kuipatia kazi. Ilimtaka Waziri Mkuu apime mwenyewe. Kesho yake Edward Lowassa alisimama, akalalamika kwamba kamati haikumhoji wala kumpa nafasi ya kujieleza, akasema anaona kinachotafutwa ni uwaziri mkuu, akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, waliowahi kushika wizara ya nishati kwa kupokezana, nao wakaondoka. Baraza la Mawaziri likavunjika, Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu.

Lalamiko la Lowassa lina uzito wake, na wanaomsifu Sitta hulipita haraka mno. Kamati iliyowaita mashahidi wengi haikumwita mtu iliyemgusa kuliko wote. Mwakyembe alitoa sababu zake, na wabunge wengi walizikubali, lakini mwanasheria yeyote angependelea mtuhumiwa asikilizwe kwanza. Hilo haliondoi ukweli kwamba mkataba ulikuwa mbovu, na kwamba kabla ya siku ile hakuna Waziri Mkuu wa Tanzania aliyewahi kuondoka kwa sababu ya karatasi iliyosomwa bungeni.

Jambo lingine husahaulika. Katika Baraza lililovunjika siku hiyo alikuwemo Margaret Sitta, Waziri wa Elimu, mkewe Spika. Alirudishwa katika Baraza jipya, ila Wizara ya Elimu haikuwa yake tena, akapelekwa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Sijui ni nyumba ngapi Tanzania ambazo chakula cha jioni kiliwahi kuwa na mazungumzo mazito namna hiyo.

Richmond iliigawa CCM, na Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu pande zote mbili za mpasuko. Rostam Aziz, mbunge wa Igunga, rafiki wa Lowassa na mtu mwenye fedha na sauti ndani ya chama, alitajwa katika sakata hilo, naye akakanusha na kuishambulia taarifa ya kamati. Sitta wa Urambo na Selelii wa Nzega walikuwa upande wa pili. Wilaya tatu za mkoa mmoja, zote zikiwa ngome za CCM, wabunge wao hawatazamani.

Agosti 2009 mambo yalifika kunako. Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Dodoma, na kwa saa nyingi wajumbe walimshambulia Spika kwamba anaidhalilisha Serikali ya chama chake, anawapa wapinzani uwanja, amewaachia wabunge wa CCM wanaojiita wapambanaji wavuruge nyumba. Wapo waliotaka avuliwe uanachama. Hapo ndipo kisa cha Kasella Bantu kinapohusika. Kadi ikichukuliwa ubunge unakwenda, na uspika hauna tena mguu wa kusimamia, kwa kuwa hata Spika asiye mbunge lazima awe na sifa za kugombea ubunge, na sifa mojawapo ni kuwa mwanachama wa chama. Spika aliyekaa juu ya mhimili mzima wa dola alikuwa anaweza kuondolewa na kikao ambacho mpigakura wa Urambo hana mlango wa kukiingia. Mwishowe kadi ilibaki mfukoni mwake. Kikao kiliunda kamati ya wazee chini ya Mzee Mwinyi, pamoja na Msekwa, yuleyule aliyemwachia Sitta kiti, na Abdulrahman Kinana, ili kutuliza nyoyo.

Machi 2010 Fred Mpendazoe, mbunge wa Kishapu, alihamia chama kipya cha CCJ, na papo hapo akapoteza ubunge. Ilidaiwa kwamba Sitta alikuwa nyuma ya CCJ. Awe alikuwa au hakuwa, hakuondoka CCM. Mwaka huohuo kura za maoni zikamwangusha Selelii. Nzega ilionyesha sinema ya aina yake: Hussein Bashe aliongoza kura za wanachama, vikao vya juu vikamwondoa kwa hoja ya uraia, tiketi akapewa Dk. Hamisi Kigwangalla aliyeshika nafasi ya tatu. Bashe huyohuyo, uraia wake ukiwa safi, aliingia bungeni mwaka 2015 na kuja kuwa Waziri wa Kilimo.

Sitta alishinda tena Urambo Mashariki mwaka 2010. Akachukua fomu ya uspika. Chama hakikumkataa usoni. Kilitangaza kwamba safari hii Spika awe mwanamke, jambo ambalo nani angelipinga hadharani? Majina yaliyopelekwa kwa wabunge yalikuwa ya wanawake watupu, na Anne Makinda, naibu wake wa miaka mitano, akawa Spika wa kwanza mwanamke. Makinda alistahili kwa rekodi yake mwenyewe. Ila hakuna aliyedanganyika kuhusu sababu iliyoufanya uamuzi huo uwe wa haraka mwaka ule na si mwaka mwingine.

Kikwete alimpa Wizara ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Alikuwa waziri mgumu kwa majirani, hasa kuhusu ardhi, na mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana zenyewe na kuiacha Tanzania pembeni, alilalamika waziwazi. Januari 2015 walibadilishana wizara na Mwakyembe: Mwakyembe akaenda Afrika Mashariki, Sitta akaenda Uchukuzi, akawa na dhamana ya ile reli inayopita kwao. Alikaa miezi michache tu.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Bunge Maalumu la Katiba, na hilo haliwezi kupitwa haraka.

Machi 2014 wajumbe walimchagua Sitta mwenyekiti kwa kura 487 dhidi ya 69 za Hashim Rungwe. Wapinzani wengi walimpigia. Walimkumbuka Spika wa 2008 na waliamini kwamba huyu hatayumba. Makamu wake alichaguliwa Samia Suluhu Hassan. Mezani palikuwa na rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyopendekeza Muungano wa serikali tatu. CCM ilitaka mbili zibaki. Mvutano ulianza na namna ya kupiga kura, siri au wazi, ukaishia kwenye matusi. Tarehe 16 Aprili wapinzani, wakiwa wameungana kwa jina la Ukawa, walitoka ukumbini wakiongozwa na Profesa Ibrahim Lipumba. Hawakurudi.

Wengi waliomheshimu mwenyekiti, nami ni mmoja wao, tulidhani angesitisha. Viongozi wa dini walishauri, wanasheria walishauri, Warioba mwenyewe alisikitika. Sitta aliendelea. Agosti Bunge lilirudi bila Ukawa. Kanuni zilirekebishwa njiani, hata wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wengine Hija Makka, wengine matibabuni, wakaruhusiwa kupiga kura huko waliko, maana theluthi mbili ya kila upande wa Muungano ilihitajika na upande wa Zanzibar hesabu ilikuwa nyembamba. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara, na siku chache baadaye akaondolewa kazini. Tarehe 2 Oktoba ilitangazwa kwamba Katiba Inayopendekezwa imepita. Wajumbe waliimba na kucheza. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika hadi leo.

Hapo ndipo sifa ya Sitta ilipochanika. Aliyetengeneza kanuni mwaka 2007 ili kuwapa wachache meno, mwaka 2014 alikubali kanuni zinyooshwe ili wengi wapite bila wachache. Watetezi wake husema alikabidhiwa kazi yenye muda na sheria yake, na kwamba waliotoka walitoka kwa hiari. Ni kweli walitoka wenyewe. Lakini katiba inayoandikwa na upande mmoja wa ukumbi ni ilani ya chama, na mtu wa uzoefu wake alilijua hilo kuliko sisi. Wengine walisema alikuwa anajitengenezea njia ya Ikulu. Mwaka 2015 kweli alichukua fomu ya urais, jina lake halikurudi. Novemba mwaka huohuo akaomba uspika tena, chama kikamweka kando, na Job Ndugai akachaguliwa. Ubunge wa Urambo uliangukia kwa Margaret Sitta, aliyeushinda tena mwaka 2020. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja.

Mzee Sitta alifariki tarehe 7 Novemba 2016 akiwa matibabuni Munich, Ujerumani, akiwa na miaka 73. Aliagwa Karimjee, ukumbi wa Bunge la mwanzo, kisha Dodoma, na akazikwa Urambo. Waliompinga mwaka 2009 na waliomlaani mwaka 2014 walikuja wote kutoa heshima, na hotuba zikasahau mambo mengi, kama ilivyo desturi ya misiba yetu.

Mimi naona alikuwa Spika bora wa zama za vyama vingi na mwenyekiti mbaya wa Bunge Maalumu, na kwamba mambo hayo mawili yana mzizi mmoja. Mwaka 2009 alitishwa kwa kadi, mwaka 2010 akapokonywa kiti bila kutukanwa, na somo hilo aliliingia nalo ukumbini mwaka 2014. Sijasema ndiyo udhuru wake. Alikuwa mtu mzima, angeweza kukataa.

Ila katika waraka ule uliopitishwa kwa shari kuna kifungu kinachoruhusu mgombea huru kusimama bila chama. Kingekuwa sheria, mbunge wa Nzega wa mwaka 1968 angerudi kwa wapigakura wake kuomba kiti chake, na Spika wa mwaka 2009 asingehukumiwa na kikao cha chama. Aliyekuwa makamu wa Sitta katika Bunge lile leo ndiye Rais wa nchi, na hahitaji kuelezwa na mtu kifungu hicho kinasema nini. Mjadala wa katiba ukifunguliwa tena, chochote kitakachowekwa kando, kifungu hicho kifikishwe kwa wananchi wakipigie kura.